MGB ya 1972: uzoefu wangu

Ninaishi Uingereza, na gari ninalotoka nalo Jumapili kukiwa hakuna mvua ni MGB, gari dogo la michezo la kampuni ya MG ya Uingereza. Yangu ni ya wazi (isiyo na paa gumu), ya mwaka 1972, yenye bampa za kromu. Watu huniuliza kwa nini nilishikilia mwaka huo, maana gari hili lilitengenezwa katika mji wa Abingdon, Uingereza, tangu 1962 hadi 1980, kiwanda kilipofungwa. Sababu ni jinsi lilivyobadilika njiani.

MGA, modeli iliyotangulia, ilikuwa na chesisi (fremu ya chuma ya chini), bodi ikafungwa juu yake. Wahandisi wa MG, Syd Enever na Don Hayter, waliiondoa chesisi hiyo kwenye MGB, bodi yenyewe ikabeba kila kitu. Matokeo yake gari ni fupi kuliko MGA lakini ndani lina nafasi zaidi. Mimi ni mrefu, na miguu yangu inanyooka bila shida. Ila kwa gari lisilo na chesisi, kutu ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Chini ya kila mlango kuna boksi la bati lenye matabaka matatu, na hilo ndilo linaloshikilia gari lisipinde. Bati la nje linaweza kung'aa huku la katikati limeshaliwa lote. La kwangu lilikatwa na kuchomelewa upya kabla sijalinunua, na picha za kazi ile ndizo zilizonifanya nitoe pesa.

Injini ni ya silinda 4, cc 1,798, na kabureta mbili za aina ya SU, zinazochanganya petroli na hewa. Mwanzoni kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ilishikwa na beringi 3. Mwishoni mwa 1964 wakaziongeza zikawa 5. Rafiki yangu ana ya 1963 na nimeiendesha. Ni tamu, lakini ukiikanyaga inatetemeka kuliko yangu, na kuingiza gia ya kwanza inabidi gari lisimame kabisa. Toleo la pili la 1967 liliondoa usumbufu huo: gia zote nne zikawa zinaingia gari likitembea, na altaneta ikachukua nafasi ya dinamo katika kuzalisha umeme wa gari.

Kwa kasi, usitegemee maajabu: mwisho wake ni kama kilomita 165 kwa saa. Utamu uko kwenye kona za barabara za mashambani. Usukani ni mzito ukiegesha, lakini gari likishachanganya, mikono inahisi kila kokoto. Yangu ina ovadraivu, kifaa kinachopunguza mizunguko ya injini bila kupunguza mwendo. Ukibonyeza swichi ukiwa gia ya nne, mlio wa injini unashuka papo hapo na mnaweza kuzungumza tena.

Kilichonisikitisha katika historia yake ni mwaka 1974. MGB nyingi zilikuwa zinauzwa Marekani, na sheria mpya za huko za bampa na urefu wa taa zikakilazimisha kiwanda kupachika bampa nyeusi za mpira na kuinua gari zima. Likawa linalala kwenye kona. Baadaye walilirekebisha kiasi, lakini mimi bado nachagua za kromu.

Matunzo yanataka mtu asiyeogopa kuchafuka. Kingipini za mbele, yaani pini ambazo magurudumu hugeukia, zinataka grisi mara kwa mara, la sivyo usukani unakaza. Betri ni mbili za volti 6, zimefichwa nyuma ya viti, na kuzifikia ni kazi ya kuinama na kufungua vifuniko sakafuni. Vipuri havisumbui hata kidogo: tangu 1988 unaweza kununua hata bodi nzima mpya, iliyotengenezwa kwa vyuma vilevile vya zamani vya kufyatulia mabati ya bodi. Na hapa Uingereza, gari la umri huu halilipi kodi ya barabara.

Ukienda kununua ya wazi, omba jeki. Tazama uwazi kati ya mlango na bodi, kisha inua gari upande huo. Uwazi ukibana, au mlango ukakataa kufunguka, bodi inapinda: usiendelee na mazungumzo ya bei.