Kamusi ya bure kwenye simu: inafaa, ila usiiache peke yake

Kwa wanaouliza kamusi gani ya Kiingereza kwa Kiswahili wapakue kwenye simu, mimi nina moja ya bure, jina sitaji maana nyingi zinafanana tu, naitumia kila siku kwa sababu nipo steshenari hapa Mwenge na watu kutwa wananiletea barua za kazi niwachapie.

Uzuri wake, inafanya kazi bila bando na haichelewi. Shida ni kina. Juzi kaja kijana na tangazo wanataka mtu "decisive", akasema dada hapo niwekee neno zito. Naandika kwenye simu inaniletea "-a uamuzi", basi, imeishia hapo. Sasa mtu wa uamuzi ndo nani, refa? Hakuna mfano wa sentensi, hakuna asili ya neno, na ukiwa bado unashangaa linajitokeza tangazo la kubeti linafunika skrini nzima na kale kaalama ka kufungia hata kidole hakikapati.

Nikavuta kamusi ya karatasi pale kaunta, kuukuu, jalada linashikiliwa na selotepu. Nikatua kwenye "thabiti" na pembeni imeonyeshwa limetoka Kiarabu. Mzizi huohuo ndo umetupa thibitisha, uthibitisho na ithibati, hata ukimaliza miezi ya majaribio ofisini si wanakuthibitisha kazini? Ni hilohilo, umeshakaa, hung'oki. Na halibebi kiambishi, ni mtu thabiti, watu thabiti, ukiandika wathabiti barua imeharibika.

Ila thabiti linahusu zaidi kutoyumba ukishaamua, siyo kule kuamua kwenyewe. Lile la Kiingereza, decisive, asili yake ni Kilatini, kitenzi cha kukata, na sisi huku tunakata shauri na tunakata kauli, yaani limekaa karibu kabisa na letu. Tukamwandikia "nakata shauri kwa wakati na nina msimamo thabiti", mwenyewe akaisoma kwa sauti pale mlangoni akacheka.

Kwa hiyo kwa kutafuta maana ya harakaharaka kwenye daladala ipakue tu, haili nafasi kubwa. Kwa barua ya kazi hapana. Nyota tatu kwa tano, na wakiweka mifano na asili ya maneno nawaongezea, hata wakitaka buku mbili kwa mwezi waondoe hayo matangazo ya kubeti mimi nalipa.