Siku tisa Muscat na Nizwa, peke yangu, nikiwa na miaka 66

Safari zangu zote za nje kabla ya hii zilikuwa na sababu, na zilikuwa na watu. Hija nilikwenda na kundi, Dubai nilikwenda arusini kwa mpwa wangu, na kote huko palikuwa na mtu wa kunishikia pasipoti. Januari iliyopita nilikwenda Oman peke yangu, kwa kutazama tu. Mimi ni mjane, goti la kulia linanisumbua na nameza dawa za presha. Naandika kwa ajili ya kina mama wa rika langu ambao miaka yote wanangoja mtu wa kufuatana naye.

Oman niliichagua kwa sababu nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, karibu na Ngomeni, yaani Fort Jesus. Tangu utoto nimesikia kuwa Waomani ndio waliowatoa Wareno mle mwaka 1698, baada ya kuwazingira karibu miaka mitatu. Nikataka kuona walikotoka.

Nilianza na siku nne Muscat, nimepanga chumba Mutrah, mtaa wa bandarini. Usiku wa kwanza ulikuwa mzito, nasema kweli. Nilifunga mlango, nikakaa kitandani na baibui langu mwilini, hakuna wa kumwambia hata "tumefika". Nilimpigia binti yangu, kisha nikalala bila kula. Kulipokucha nikashuka kutembea kando ya bahari, nikapita soko la samaki, nikawakuta wanaume wakibishana bei ya jodari vilevile kama kwetu. Ule uzito haukunirudia tena.

Soko la Mutrah nendeni asubuhi au jioni. Mchana maduka mengi hufungwa hadi kama saa kumi, na Ijumaa asubuhi usijisumbue. Nilikuwa nauliza bei ya ubani kwa Kiarabu cha kuungaunga, mzee mwenye duka akanitazama usoni. "Dada, watoka Unguja au Mombasa?" Kumbe kazaliwa Unguja, akaja Oman akiwa kijana, kama wengi waliokuja baada ya 1970. Alimwaga aina tatu za ubani kwenye sinia. Ule wa kahawia, akasema, wa kufukiza nyumba. Ule mweupe unaoelekea ukijani, hojari wa Dhofar, ndio wenyewe. Akanitilia punje moja kiganjani: "Tafuna." Mwanzo uchungu, kisha ukalainika mdomoni ukabaki na harufu ya limau. Sikujua hata siku moja kwamba ubani hutafunwa, nami nimeufukiza maisha yangu yote.

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001, utengeeni asubuhi nzima. Wasio Waislamu huingia saa mbili hadi saa tano asubuhi, isipokuwa Ijumaa, na wanawake wajifunike nywele hadi vifundo vya miguu. Watu huinua shingo kutazama ile taa kubwa ya urefu wa mita 14. Mimi nilikuwa nimeinama. Zulia la mle ndani lina tani 21 na mafundo milioni 1,700, na waliolifuma kwa mikono ni wanawake 600 wa Iran, kwa muda wa miaka minne. Mimi nimeshona mikeka ya ukili toka usichana, najua mgongo unavyouma baada ya mkeka mmoja tu. Machozi yalinilenga pale.

Sasa lile lililoniudhi. Nizwa iko kilomita zipatazo 160 kutoka Muscat, nami nikanunua ziara ya siku moja kutoka kampuni fulani. Kwanza nilitozwa nyongeza kwa kuwa niko peke yangu, jambo nililoambiwa asubuhi ya safari na si siku ya kulipa. Pili, kuitazama ngome kongwe ya Nizwa tulipewa dakika 45. Nilikuwa katikati ya ngazi za mnara, nimeegemea ukuta kupumzisha goti, dereva akaanza kupiga simu. Nikashuka. Njia nzima ya kurudi sikuzungumza na mtu.

Siku ya tano, Alhamisi, nilipanda basi la Mwasalat, kampuni ya mabasi ya serikali, nikarudi Nizwa mwenyewe na begi langu, nikalala huko usiku tatu. Huo ndio uamuzi bora niliofanya safari nzima.

Zile ngazi safari hii nilizipanda kwa dakika arobaini. Zinakata kona, na kila kona ina mlango wa mbao mnene, na juu ya mlango tundu ambamo walinzi waliweza kummwagia adui asali ya tende inayotokota. Kwenye kila mlango nilikaa. Hakuna aliyeningoja, hakuna aliyetazama saa. Kule juu kuna uwanja wa duara, mpana, na mizinga imeelekezwa kwenye mitende na milima. Aliyeijenga ngome hii ni Imamu Sultan bin Saif, aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650, na ujenzi ulichukua miaka 12. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye aliyeitwaa ngome yetu Mombasa. Niliweka mkono ukutani. Kwetu ukipapasa ukuta wa Ngomeni unahisi matumbawe, yanakwaruza. Huu ni mawe na udongo, laini, una joto la jua. Nilikaa pale mpaka adhuhuri.

Ijumaa alfajiri nikaenda soko la mbuzi. Wauzaji huwazungusha mbuzi kwa kamba, wanunuzi wamesimama na kuchutama katikati na pembeni. Bibi mmoja wa kibedui, barakoa usoni, alimshika mbuzi, akamfunua mdomo, akatazama meno, akamwachia na kutamka neno moja tu. Muuzaji akashusha bei.

Nizwa sikumpata hata mmoja wa kuzungumza naye Kiswahili, basi msitegemee hilo nje ya Muscat. Ila halua utaikuta, na mishikaki barabarani wanaiita kwa jina lilelile, mishkak. Kahawa yao ni nyepesi kuliko yetu, ina iliki na harufu ya mawaridi, na mwenyeji atakujazia kila ukimaliza. Ukitosheka, tikisa kikombe.

Pesa: riali moja ni zaidi ya dola mbili na nusu, hivyo bei ikionekana ndogo, ifikirieni tena. Teksi za barabarani patana kabla ya kupanda. Mimi mjini nilitumia programu ya OTaxi, nikajua nauli mapema. Dawa nilibeba pamoja na karatasi ya daktari.

Muscat naipa nyota nne, Nizwa tano, ile ziara ya siku moja mbili. Mkipanga chumba mtaa wa Al Aqr, huko Nizwa, kwenye zile nyumba za udongo zilizokarabatiwa, ombeni cha chini. Changu kilikuwa ghorofani, ngazi ni za kusimama na hazina pa kushika. Nikijaliwa, Aprili narudi kupanda Jabal Akhdar wakati wa kuchuma mawaridi, na chumba cha chini nimeshaandikisha.