Battle Master: mbinu zipi uchukue kwanza, na zipi zitagombania jibu moja

Ukikaa kwenye meza za Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu, hapa Dodoma, iwe bwenini UDOM au sebuleni kwa mtu Area C, wenye wapiganaji wana lalamiko moja: nimefika ngazi ya 3, nimechagua Battle Master, tawi la mpiganaji anayetumia mbinu maalumu, nimechukua mbinu tatu, na kila pambano naishia kutumia moja. Mbili zimekaa tu kwenye karatasi. Mara nyingi mbinu zenyewe hazina ubaya. Ubaya ni kwamba zimechaguliwa kwa ukubwa wa madhara, hakuna aliyeuliza kila moja inakula nini kwenye raundi.

Hesabu za hapa ni za kanuni za 2014. Kila mbinu inakula dadu moja ya pande nane, na unaanza na matumizi manne mpaka upumzike. Kwenye raundi moja una tendo lako, una tendo la ziada moja, na una jibu moja, yaani kile unachofanya wakati zamu si yako. Jibu ukishalitumia halirudi mpaka zamu yako ianze tena. Sasa angalia wanaolilia jibu hilo: Riposte (kumrudishia pigo adui aliyekukosa) inalitaka, Parry (kupunguza madhara ya pigo lililokupata) inalitaka, mtindo wa Protection wa kumkinga mwenzako kwa ngao unalitaka, na lile pigo la bure unalompa adui anayekukimbia nalo linatoka humo humo. Mtu akichukua Riposte, Parry na Protection, amelipa mara tatu kitu cha kutumia mara moja.

Na hasara yake haiishii kwenye karatasi. Chukua mpiganaji aliyesimama kwenye mlango wa pango, mchawi wa kundi yuko nyuma yake, mbele kuna majambazi watatu. Wa kwanza anampiga anakosa. Mpiganaji anarusha Riposte, anamwangusha, meza inashangilia. Wa pili na wa tatu wanampita pembeni kwa amani, maana jibu limeshakwisha, na mchawi mwenye uhai wa 14 anabaki nao peke yake. Kosa hili linaua makundi ya ngazi za chini, na waongozaji wengi wa wachezaji wapya hawalitaji kabisa.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kuchagua ni hii: mbinu moja tu ya jibu, moja tu ya tendo la ziada kama utaihitaji, na zilizobaki ziwe zile zinazopanda juu ya pigo lenyewe bila kula nafasi nyingine. Ukikosea ngazi ya 3 utakaa na kosa lako mpaka ngazi ya 7, kwa sababu kubadilisha kunaruhusiwa pale tu unapojifunza mbinu mpya, tena moja kwa kila safari.

Ya kwanza kwangu, na sioni ya kushindana nayo, ni Precision Attack. Unaongeza dadu ya pande nane kwenye namba ya kupiga, na unaweza kuamua baada ya kuiona dadu ya pande 20, kabla matokeo ya pigo hayajaanza kufanya kazi. Haili jibu wala tendo la ziada. Ukikosa kwa 1 inakuokoa kila mara. Ukikosa kwa 4, mara 5 kati ya 8. Ukikosa kwa 6 ni mara 3 kati ya 8, hapo iache. Msimamizi wa mchezo asipotaja kinga ya adui, yaani namba ya kufikia ili pigo liingie, andika pembeni ya karatasi: 14 imekosa, 17 imepata. Basi kinga yake iko kati ya 15 na 17, na raundi inayofuata hutupi dadu kwa kubahatisha. Kwa mwenye kipaji cha Great Weapon Master, anayekubali kupunguza 5 kwenye kupiga ili aongeze 10 kwenye madhara, hii ni ya lazima.

Ya pili ni Menacing Attack. Pigo likiingia unaongeza dadu kwenye madhara, na adui akishindwa kurusha dadu ya kujiokoa kwa Wisdom, yaani hekima yake, anaingiwa na hofu mpaka mwisho wa zamu yako inayofuata: anapiga kwa dadu mbili akichukua ndogo wakati wote anapokuona, na hawezi kukusogelea kwa hiari yake. Hata akijiokoa, madhara yamebaki.

Trip Attack inafuata, ila ina masharti. Inamwangusha adui mwenye ukubwa wa Large au mdogo kuliko huo. Akiwa chini, walio hatua moja naye wanampiga kwa dadu mbili wakichukua kubwa, lakini wapiga mishale wa mbali wanapata kinyume chake. Kundi lenye wapiga upinde wawili litakuchukia. Halafu tazama mpangilio wa zamu: kama zamu inayofuata yako ni ya adui huyo, atanyanyuka kwa nusu ya mwendo wake na utakuwa umemsumbua tu. Kuanzia ngazi ya 5, ukiwa na mapigo mawili, itumie kwenye pigo la kwanza.

Riposte naiweka ya nne, na kwa mwenye ngao tu. Inafanya kazi adui akikukosa, na hawakukosi sana ukiwa umevaa kinga ya 15. Ukiichukua, mtindo wako wa kupigana uwe Dueling, unaoongeza 2 kwenye madhara ya silaha ya mkono mmoja, au Defense, unaoongeza 1 kwenye kinga. Protection iache. Na ukiwa ndiye mlinzi wa mlango, Riposte inasubiri mpaka uone waliobaki hawana pa kupita.

Pushing Attack inamsukuma adui futi 15, yaani miraba mitatu. Kwenye uwanda haina maana kubwa. Msimamizi wako akipenda kupanga mapambano juu ya miamba kama hii yetu ya Mlimwa, ipandishe mpaka ya pili.

Parry sikushauri. Inapunguza madhara kwa dadu moja na Dexterity (wepesi) yako, na mvaa chuma wengi wana 0 hapo, maana yake wastani wa 4.5. Second Wind, ya kujirudishia uhai kwa tendo la ziada, unayo tayari tangu ngazi ya 1, na kwenye ngazi ya 3 inarudisha wastani wa 8.5. Feinting Attack, ya kumhadaa adui kabla ya kupiga, nayo inakula tendo la ziada lile lile la Second Wind, na pigo likikosa dadu imepotea bure.

Asiyetaka kununua kitu yuko Champion, tawi jingine la mpiganaji, ambaye pigo lake kuu linakuja kwa 19 au 20. Hana mbinu, hana cha kuchagua. Anatosha kwa kujifunzia.

Na hapa ndipo panaponiuma. Kanuni zilizotolewa bure kwa leseni ya Creative Commons mwaka 2023 zina Champion peke yake kwa upande wa mpiganaji. Mbinu 16 za Battle Master za 2014 ziko kwenye kitabu cha kulipia, karibu dola 50 kwa bei ya Marekani, kabla hujalipa usafiri. Mwanafunzi wa hapa anaambiwa mchezo ni wa bure, kisha sehemu yenye kufikiri imefungiwa ndani ya kitabu. Meza ichange inunue kimoja, si kila mtu chake.

Kwenye dadu msikubali kuonewa. Seti ya kawaida ni saba: pande 4, 6, 8, 12, 20, na mbili za pande 10. Hesabu kwenye picha kabla ya kutuma pesa, na pakiti ikishuka stendi ya Nanenane ifungue hapo hapo. Muuzaji akikwambia Battle Master anahitaji dadu nne za pande nane kwa sababu anaanza na matumizi manne, mkatalie. Moja inatosha, weka vifuniko vinne vya soda mbele yako, ondoa kimoja kila ukitumia, virudishe vyote baada ya mapumziko mafupi ya saa moja ya mchezo. Ukikosa kabisa ya pande nane, chukua karata za ree mpaka nane za aina moja, changanya, vuta moja, irudishe. Dadu mbili za ludo hazifai badala yake, kwa kuwa jumla zake zinarundikana katikati na 1 haitoki kamwe.