Matbaa ndogo ya Ngamiani, Tanga: nzuri kwa nakala 100, ila simamia mgongo

Mwandishi wa riwaya ya vijana aliyeko Tanga halazimiki kupanda basi hadi Dar es Salaam kwa ajili ya nakala za uzinduzi. Matbaa hii, iliyo kwenye zile barabara za namba za Ngamiani, inachapa kwa mashine ya kidijitali, haina pleti (mabamba ya kuchapia) za kulipia, na inakubali oda ya nakala 50 au 100. Ukataji wao umenyooka: panga vitabu kumi kwenye meza, kingo zinakuwa ukuta mmoja. Tena wanatoa nakala moja ya mfano kabla ya kuwasha kazi yote. Usiikubali kazi bila hiyo nakala.

Tunachokipima kwanza ni mgongo, yaani pale kurasa zinapogandishwa pamoja, kabla hata ya rangi ya jalada. Riwaya ya vijana haikai kabatini. Inaazimwa darasa zima, inakunjwa nyuma msomaji akiishika kwa mkono mmoja, inasukumwa kwenye begi pamoja na chupa ya maji. Kitabu kikianza kuachia kurasa mapema, mtoto wa nne kukiazima anapokea hadithi isiyo na mwisho.

Hapo ndipo matbaa hii inapoyumba, na inaanzia kwenye karatasi. Usiposema neno, watachapa kwenye A4 kisha waikate katikati kupata A5. Rimu nyingi za A4 nyuzi zake zinakwenda kwa urefu. Ukiikata hivyo, nyuzi zinaukingama mgongo badala ya kwenda sambamba nao. Kitabu kinakuwa kikaidi, hakilali wazi mezani, na unyevu wa bahari ukiingia, karatasi inataka kuvimba mahali gundi imeibana, basi inafanya mawimbi kando ya mgongo. Omba A3 (mara mbili ya A4) yenye nyuzi za urefu: kila karatasi inatoa kurasa 8 za A5, na nyuzi zinafuata mgongo. Kupima ni rahisi. Ikunje karatasi taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Mkunjo unaokubali bila ubishi ndio unaofuata nyuzi.

Hesabu yake ufanye mwenyewe kabla ya kuuliza bei. Riwaya ya kurasa 192 inakula karatasi 24 za A3, nakala 100 ni karatasi 2,400. Rimu 5, kila moja karatasi 500, zinatosha na zinabaki karatasi 100 za kuharibikia. Ukitajiwa rimu 7, omba uchambuliwe bei: karatasi mbali, jalada mbali, gundi na ukataji mbali.

Gundi yao ni ile ya moto. Mashine inatakiwa kuukwaruza mgongo kwanza ili gundi ipate pa kushika, na kisu kikiwa butu kinalainisha tu, gundi inakaa juu juu. Fungua nakala ya mfano katikati, shika ukurasa mmoja, uvute kwa nguvu. Ukichanika kabla ya kung'oka, gundi imeshika. Ukitoka mzima, ukingo safi, rudisha kazi na udai kisu kinolewe. Tazama pia ncha za mgongo, juu na chini, maana ndiko gundi inakokuwa nyembamba na ndiko kidole cha msomaji kinakovutia kitabu rafuni.

Jalada la gramu 250 kwa mita ya mraba lenye lamineshen (utando wa plastiki) upande mmoja linapinda kuelekea nje. Plastiki inazuia unyevu, upande wa ndani unaunywa na kutanuka. Masika hali huwa mbaya zaidi. Nyuzi za jalada nazo zifuate mgongo, na vitabu vikae chini ya uzito usiku kucha kabla ya kuingia kwenye boksi.

Upana wa mgongo usiukisie. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo majani 96 ya zile kurasa 192 ni karibu milimita 10 pamoja na jalada. Wakikubadilishia ukapewa gramu 70, mgongo unapungua na jina la kitabu linateleza kwenda usoni. Kubalianeni karatasi kwanza, msanifu wa jalada aanze baadaye, na aache milimita 3 za kukatwa kila upande.

Dawati la kompyuta linastahili sifa. Wanafungua faili mbele yako. Kagua nao mambo mawili: alama ya ng' kama imetoka sawa, na ukataji wa maneno mwisho wa mstari. Programu iliyowekwa Kiingereza itakukatia "mwanaf-unzi". Waambie wauzime kabisa.

ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, hawatoi, na hawapaswi kutoa. Inaombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Vitabu vingi vya kwetu vinaanza na 978-9976 au 978-9987. Yeyote anayekuuzia namba kaunta, mkatalie. Omba mapema, kwa sababu msanifu hawezi kulikamilisha jalada bila namba hiyo.

Kazi ikitoka, zuia mikono ya watu kwa siku moja nzima gundi ikaze. Kwenye boksi vitabu vilale, visisimame, na boksi lisizidi nakala 40: zaidi ya hapo wapakizi wa basi wanaliburuta.