Google Search Console kwa biashara ya dagaa Mwanza: uzoefu wangu

Nasimamia tovuti ndogo ya dada yangu, ambaye ananunua na kukausha dagaa hapa Mwanza, kisha anawauza kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba. Wateja wetu wengi wako Dar es Salaam, Dodoma na Arusha. Hawawezi kuja sokoni kushika mzigo kwa mkono, wanatafuta kwenye simu. Kwa hiyo kuonekana Google kwetu ni mauzo, na chombo kilichotusaidia kuliko vyote ni Google Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti jinsi inavyoonekana kwenye utafutaji. Ni cha bure, hakuna kifurushi cha kulipia kilichofichwa mbele ya safari.

Kujisajili si kazi kubwa. Unaweka anwani ya tovuti, halafu unathibitisha kwamba ni yako, ama kwa kuongeza rekodi ya TXT (mstari wa maandishi ya uthibitisho) kule ulikonunua domeini, yaani jina la tovuti, ama kwa kubandika mstari mmoja wa msimbo (code) kwenye ukurasa wa mwanzo. Nilichagua njia ya domeini kwa sababu inabeba tovuti nzima, iwe na www au bila.

Siku nilipokagua ukurasa wetu wa mwanzo, jibu lilinikera: haumo kwenye faharasa ya Google, yaani orodha ya kurasa inazoweza kuzionyesha, kwa sababu una alama ya noindex. Yaani tovuti yenyewe ilikuwa inaiambia Google isiiweke. Fundi aliyetutengenezea alikabidhi kazi na kuchukua pesa yake huku kile kisanduku cha WordPress (mfumo uliotumika kujenga tovuti yetu) cha kuzuia injini za utafutaji, kwenye mipangilio ya usomaji, kikiwa bado na tiki. Wakati wa ujenzi tiki hiyo ina maana. Kumwachia mteja hivyo ni kumuuzia duka lililofungwa mlango. Niliiondoa, nikatuma ramani ya tovuti (sitemap, yaani faili lenye orodha ya kurasa zake), nikaomba Google ipite tena. Ombi hilo halilazimishi kitu, Google hupita kwa wakati wake, na inaweza kuchukua siku kadhaa hata wiki. Lakini kurasa ziliingia.

Utamu wenyewe uko kwenye ripoti ya utendaji. Inakuonyesha maneno ambayo watu wameandika hadi tovuti yako ikatokea, imetokea mara ngapi, imebofywa mara ngapi, na wastani wa nafasi yake. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa mteja wa dagaa hatafuti “bidhaa bora za ziwani”, maneno ambayo fundi aliyajaza kila mahali. Anaandika “bei ya dagaa wa Mwanza”, “gunia la dagaa”, na hili lililonigusa zaidi: “dagaa wasio na mchanga”.

Kila anayekula dagaa anajua adha ya mchanga. Wakianikwa chini ufukweni wanaokota kila kitu, ndiyo maana dada anaanika kwenye vichanja. Jambo hilo amelieleza sokoni miaka yote, ila kwenye tovuti halikuwepo. Tukaandika ukurasa mzima kulihusu, tukauita kwa maneno yale yale ya wateja, tukaweka picha za vichanja na kila picha ikapewa maelezo yake ya maandishi. Kichwa cha ukurasa wa kwanza, kilichokuwa “Mwanzo” tu, kikawa “Dagaa wa Mwanza kwa jumla, wakavu, wasio na mchanga”. Mibofyo ilianza kupanda kwenye maneno ambayo awali tulionekana tu bila kufunguliwa.

Swali la bei nalo tulilijibu kwa ukweli wa ziwani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka sana, taa hazivuti samaki na mzigo hupungua. Mteja wa Dodoma akishasoma hivyo, anaelewa kwa nini bei ya wiki hii si ya wiki iliyopita, na anapanga lini aagize.

Upungufu upo. Takwimu kamili huchelewa siku mbili hivi. Maneno yanayotafutwa na watu wachache hufichwa kulinda faragha yao, na kwa tovuti ndogo kama yetu hilo linauma. Ripoti ya kasi mara nyingi hukosa data ya kutosha kwa tovuti zenye wageni wachache, kwa hiyo kasi napima kwa PageSpeed Insights, chombo kingine cha Google, ambacho nacho ni cha bure. Lengo la Google ni kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kiwe kimetokea ndani ya sekunde 2.5. Picha za simu zilizopakiwa bila kupunguzwa ukubwa ndizo zilizokuwa zinatuvuta nyuma, na zilikuwa zinamla mteja bando.

Wapo wanaopiga simu wakiahidi nafasi ya kwanza Google kwa uhakika. Usiwalipe. Google yenyewe inasema hakuna anayeweza kuihakikisha nafasi hiyo.

Kama una tovuti, iongeze Search Console leo hata kama bado hujaimaliza. Inahifadhi takwimu za miezi 16, na huanza kuzikusanya pale tu tovuti inapoongezwa. Msimu ukirudi utataka kulinganisha na wa mwaka jana.