TAHADHARI: Anauza kamba na karabina feki za kupandia miti, anajifanya mpandaji aliyestaafu

Ndugu zangu mnaopanda na kuangusha miti, someni hii kabla hamjamtumia mtu pesa ya vifaa. Kuna jamaa anauza kamba, karabina (pete za metali zenye mlango, za kuungia kamba na mkanda) na mikanda ya kupandia anayodai imetumika kidogo tu. Ni mwizi, na wizi wake hauishii kwenye pesa. Pesa hutafutwa. Huyu anawauzia watu kifo. Nina hasira mpaka vidole vinatetemeka, mnisamehe nikirukaruka.

Kamba yangu ya zamani sikuwa nayo tena. Nilihitaji nyingine kabla ya kazi moja ya mikaratusi, ndipo nikampata huyu. Tayari nimeshaanza kusikia maneno ya "wewe na uzoefu wako wote, ilikuwaje?" Basi sikilizeni ilivyokuwa. Yule mtu anaijua kazi. Hakuanza na bei. Aliniuliza kama napanda kwa kamba moja au mbili, fundo langu la msuguano, lile linaloteleza kwenye kamba na kubana ukililemea, ni la aina ya prusiki au jingine, na kamba ndogo ya kufungia fundo ina unene gani, kwa sababu, akasema, "ukifunga nene juu ya nene, fundo halishiki." Kwa prusiki hilo ni kweli, na mbabaishaji wa kawaida halijui. Akakunja suruali akanionyesha kovu refu kwenye muundi, akasema tawi lilimrudia akiwa juu, familia ikamkataza kupanda tena, ndiyo maana anauza vifaa vyake. Nani hapa hana rafiki aliyeacha kazi hivyo hivyo?

Kamba ilikuwa kwenye mfuko wenye vumbi la mbao na utomvu, inanuka msitu. Mwishoni ina kifuniko cha plastiki kimeandikwa EN 1891 A, yaani kiwango cha Ulaya cha kamba za kazi za juu, milimita 12, na mwaka wa kutengenezwa. Karabina zimeandikwa kilonyutoni 22 (kilonyutoni moja ni kama uzito wa kilo 100). Kisha akafanya jambo ambalo kila nikilikumbuka uso unaniwaka. Akaitupa kamba juu ya tawi nene, akajifunga, akanyanyua miguu yote miwili, akaanza kujirusha juu chini huku anacheka. Ni mtu mzito kuliko mimi. "Tani mbili hii, mzee! Ingia na wewe!" Nikaingia. Nikaning'inia, nikajirusha. Kamba ikatulia tuli. Akanipa mkono, akaniombea usalama kazini. Aliniombea usalama, jamani!

Sasa fikirini. Mtu wa kilo 80 akining'inia ametulia, mzigo wake haufiki hata kilonyutoni 1. Hata akijirusha kidogo bado ni mzigo mdogo. Kamba halali ya aina hiyo inatakiwa ihimili angalau kilonyutoni 22, yaani zaidi ya tani 2, kwa sababu ukiteleza kamba ikiwa imelegea, kishindo cha kusimamishwa ghafla kinazidi uzito wako mara kadhaa. Kwa hiyo lile onyesho lake halipimi chochote. Analijua hilo, ndiyo maana analifanya.

Nilipofika kazini niliifunga kamba mpya chini chini kwanza, na lanyadi yangu, ile kamba fupi ya pili inayofungwa kwenye mkanda, nikaizungusha kwenye shina kama kawaida. Nikaanza kushuka. Mwendo wa kawaida tu, si wa mbio. Nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Fundo likaganda, halipandi wala halishuki. Nikaangalia, ganda la kamba linang'aa, limeyeyuka na kushikana na fundo. Lanyadi ndiyo iliyonibeba.

Nilipoikata hiyo kamba ndani nilikuta uchafu: nyuzi za rangi tofauti zimeungwaungwa, plastiki ya polipropilini ya kufungia mizigo. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzijoto 165 hivi, wakati poliesta ya kamba halali nyingi huvuka 250. Msuguano wa kushuka unatosha kuimaliza. Na kinachoninyima usingizi ni kwamba kamba hiyo ilikuwa aipande kijana wangu wiki hiyo hiyo, ambaye bado anajifunza na hushuka kwa kasi ingawa namkemea kila mara.

Nikampigia. Kwanza akasema nimeitumia vibaya. Halafu "ulijaribu mwenyewe, ukaridhika." Kisha akanifungia namba. Mtu huyu afungwe. Sisemi arudishe pesa, nasema afungwe, na kosa lisiandikwe kuwa ni udanganyifu wa biashara, maana anajua kamba inaenda kumshika mtu juu angani akiwa na msumeno wa mnyororo mkononi. Ujumbe wake wote ninao, sijafuta hata mmoja, na taarifa nimeshapeleka polisi. Aliyeuziwa naye aende, tuwe wengi, asipate pa kujificha.

Mtauliza atambulikaje. Hana risiti wala kijitabu cha mtengenezaji, na ukitaja kukata ncha ya kamba uone ndani anabadilisha mada. Kateni. Kamba ya EN 1891 ina utepe mwembamba unaopita ndani yake, wenye jina la mtengenezaji, kiwango, mwaka na aina ya nyuzi. Yangu haikuwa nao. Kipande cha polipropilini ukikiloweka na kukikamua chini ya maji, bado kinarudi kuelea; nailoni na poliesta huzama. Karabina zake zote zina namba moja ya utambulisho, hilo lilitosha kunitia shaka, na maandishi yanatoka ukisugua kwa kitambaa chenye petroli. Alama ya CE, ya kufuata masharti ya Ulaya, kwenye kifaa cha kuzuia kuanguka hufuatwa na tarakimu 4, zake hazina. Mlango unatakiwa ujifunge wenyewe na usifunguke bila angalau vitendo viwili tofauti. Mmoja wa zake unafunguka ukisukumwa tu na tawi. Mikanda sikununua, ila mshono niliouona ulikuwa wa uzi wa rangi mbili.

Anabadilisha majina na picha, kwa hiyo msitafute jina. Mtafuteni mwenye kovu, mwenye maswali mazuri, anayependa kuning'inia mbele ya mteja.

Kama kamba yake iko kwako sasa hivi, usiiweke stoo ukisema itafaa kuvutia magogo, maana kuna siku mtu mwingine ataichukua apande nayo. Na usimuuzie mtu ili urudishe hela yako. Ikate vipande vifupi leo, ubaki na kimoja cha ushahidi.