GitHub Pages kwa fundi seremala: naipa nyota nne kati ya tano

Natengeneza samani za mninga hapa Ng'ambo, Tabora: vitanda, makabati, milango ya kuchonga. Wateja wengi siku hizi wako Dar na Mwanza, na swali lao la kwanza ni lile lile: "Fundi, kazi zako naziona wapi?" Status ya WhatsApp inafutika baada ya saa 24. Ukimtumia mtu picha moja moja, bando lake linakwisha na kesho anauliza tena. Zamani nilikuwa na tovuti ya kulipia. Ada ikichelewa kidogo tu wanaizima, na kazi zako zote hazionekani. Hicho ndicho kilichonihamisha.

GitHub Pages ni huduma ya GitHub ya kuweka tovuti yako mtandaoni; ipo tangu 2008, na ni bure kabisa. Unafungua akaunti, unatengeneza ripozitori, yaani sehemu ya kuhifadhi faili zako, yenye jina la akaunti yako likifuatiwa na .github.io, unapakia faili zako, ukurasa wa kwanza ukiitwa index.html. Baada ya dakika chache anwani hiyo inafunguka kwenye simu yoyote, na HTTPS yake, ule ulinzi wa mawasiliano kati ya tovuti na mgeni, inakuja bila malipo. Nafasi ni GB 1, na wageni wanaruhusiwa kutumia kama GB 100 kwa mwezi. Fundi mmoja hazimalizi.

Ila inapokea kurasa zilizokwisha kuandikwa tu: HTML, CSS na JavaScript, lugha ambazo simu ya mgeni inazisoma yenyewe. PHP, lugha inayohitaji kompyuta ya tovuti iifanyie kazi, haikubali, na hifadhidata hakuna, kwa hiyo fomu ya oda haiwezi kukuletea ujumbe yenyewe. Mimi nimeweka kitufe cha WhatsApp chini ya kila picha: kiungo kinaanza na wa.me/ kisha namba ya simu kuanzia 255, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mbele. Mteja akibonyeza, tunaongea pale pale. Kwa biashara zetu hizi naona kinafaa kuliko fomu.

Kazi yenyewe iko kwenye picha. Picha ya simu ina MB tatu, nne. Zijaze kwenye ukurasa uone kama mteja wa Sikonge atasubiri. Nazipunguza mpaka upana wa pikseli 1200, kila moja iwe na KB 200 hivi, halafu naangalia mistari ya mbao. Ukiibana picha kupita kiasi, ile mistari ya kahawia inafifia, mninga unaonekana kama ubao uliopakwa rangi, na mteja hataelewa kwa nini bei iko juu. Na jamani, majina ya faili! Windows haijali herufi kubwa na ndogo, GitHub inajali. Kitanda.JPG na kitanda.jpg kwake ni vitu viwili: nyumbani picha inaonekana vizuri, mtandaoni haipo. Andika yote kwa herufi ndogo, bila kuacha nafasi.

Nyota moja naikata kwa sababu maelekezo yake hayana Kiswahili, na vijana wengi wenye mikono mizuri wanakwama hapo hapo. Tena kwa akaunti ya bure ripozitori lazima iwe ya wazi, yaani yeyote anaweza kusoma ulichopakia. Hata ukifuta faili, nakala inabaki kwenye historia. Makubaliano ya bei na namba za wateja visikanyage humo.

Ukitaka anwani yenye jina lako tu, inakubali pia. Kwa Tanzania kuna .me.tz na .co.tz kutoka kwa wasajili wa majina ya .tz, ila hiyo unailipia kila mwaka. Mimi ya github.io inanitosha. Lakini anayetaka duka kamili, mtu achague kabati na kulipa humo humo, atafute huduma nyingine: masharti ya GitHub Pages hayaruhusu kuendeshea biashara ya mtandaoni, na fundi asije akajenga duka lake likafungwa.